Geuzeni Kaske

Evode alipiga hodi huku mguu wake mmoja umeshaingia uani. Ndivyo walivyo watu waliopewa kacheo kadogo, mlango wa mtu wa hali ya chini huwa hawauoni. Kampire alikuwa amechuchumaa kando ya beseni, akichagua nyanya zilizorudi naye kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, bila mnunuzi: nzima upande huu, zilizopondeka upande ule, za kupikia nyumbani. Mumewe, Jado, alikuwa akiifuta pikipiki yake kwa kitambaa. Kesho ilikuwa Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima, na siku hiyo pikipiki hazitembei mpaka kazi iishe na mkutano uvunjike.

"Mama Belise, amahoro," Evode alisema bila kumtazama. "Nimekuja kwa bwana."

Evode alikuwa mkuu wa motari, madereva wa pikipiki za abiria, ambazo hapa huitwa moto, pale maegesho ya juu ya soko. Tena alikuwa mtu wa usalama wa mtaa. Vyeo hivyo viwili alikuwa akitembea navyo kama mtu aliyebeba mayai. Alikwenda moja kwa moja kwenye pikipiki ya Jado, akaitwaa helmeti ya abiria, ile ambayo mji mzima huiita kaske, akaigeuza na kuchungulia ndani. Akatoa ufunguo mfukoni, akainua sponji, akakwangua. Chini ya rangi nyekundu ilikuwapo rangi ya buluu, na kwenye buluu zilikuwapo herufi zilizochongwa kwa msumari: BYIRIN. Zilizobaki zilikuwa zimezibwa na rangi.

"Jana hii kaske ilianguka pale parkingi, rangi ikabanduka," alisema Evode. "Batu iliona bleu chini. Kaske ya Byiringiro yenye iliibiwa ilikuwa bleu. Jado, we unaweza kunisomea hapa?"

Jado alisoma, akacheka kicheko cha mtu asiye na hatia. "Chef, iko makosa. Hii kaske bibi yangu aliletewa na binamu yake wa Goma. Yule aliacha kazi ya moto. Muulize mwenyewe, si ni huyu hapa."

Wote wawili wakamgeukia Kampire. Alikuwa ameshika nyanya nzima, nzuri, na alipofumbua kiganja haikuwa nzuri tena. Akaitupa upande wa zilizopondeka, akachukua nyingine.

"Bon," Evode akasema. "Kesho nyuma ya umuganda utasimama mbele ya batu, kaske juu, na mikono yote mbili. Kama vile Kabatesi alisimama na sufuria. Na jile yako ya namba utaiacha pale pale."

Akaondoka na kaske kwapani. Alipofika kwenye kizingiti akakumbuka jambo, akarudi, akaiweka juu ya kiti cha pikipiki. "Lala nayo leo. Kesho njo utaileta mwenyewe."

Desturi hiyo ya kusimamisha watu ilikuwa changa. Mtaa ulikuwa umechoshwa na wanyang'anyi waliokuwa wakivizia barabara itokayo mpakani, na kila walipokamatwa wawili walizaliwa wanne. Siku walipomwangusha Liliane, jirani yake Kampire, wakampokonya mkoba na kumvunja mkono mchana kweupe, watu walisema basi. Mwizi hana anwani, walisema. Lakini anayenunua vitu vyake ana nyumba, ana jina, ana kiti chake kanisani. Huyo asimame, Evode akashauri. Kampire naye alilipigia debe shauri hilo, tena kwa sauti ya juu kuliko wengine. Kabatesi aliposimamishwa na sufuria aliyoinunua kwa bei ya karanga, Kampire alipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Ilimjia sasa jinsi Kabatesi alivyoangalia majani wakati wote ule.

* * *

"Mupigie binamu yako," Jado alisema mara tu hatua za Evode zilipopotea. Alimnyooshea simu. "Mupigie sasa hivi aongee na huyu mubwana."

"Haiko binamu."

"Haiko vipi?"

"Baba Belise, haiko binamu. Nilinunua kwa Mugabo, yule wa gunia, nyuma ya soko."

Jado akaikalia pikipiki kama abiria, kwenye kiti cha nyuma. Kampire alieleza akiwa bado amechuchumaa, maana akisimama angelazimika kumtazama. Kaske ya Jado ilikuwa imeibwa pale nje ya zahanati, na motari asiye na kaske ya abiria habebi mtu. Polisi wakimkuta, pikipiki inalala kwao na mwenyewe analipa amande, yaani faini. Kununua mpya kungemaliza mtaji wake wote wa nyanya. Ada ya Belise, huko bwenini Kanama, ilikuwa imeshaitishwa mara mbili. Mugabo akafungua gunia. Kampire hakumuuliza kitu. Hilo tu ndilo kosa lake, na lilitosha.

"Byiringiro," Jado alisema taratibu. "Siku ile bamefunga moto yake juu hana kaske, njo mi nilimubeba kwenda polisi. Alikuwa analia, unajua? Mutu muzima. Nikamupa hii avae." Akaigusa kaske kwa kidole kama kitu cha moto. "Alipanda nyuma yangu mu kaske yake mwenyewe, Mama Belise. Akashuka, akanilipa."

"Ukamulipisha?"

"Nilimupunguzia!"

Ilikuwa karibu wacheke. Walikaribia kabisa, kisha Jado akajifunika uso kwa kile kitambaa chenye mafuta, na Kampire akaona mabega yake yanavyotikisika. Hakuwa anacheka. Miaka yote ya ndoa yao alimwonea Jado huruma kwa mambo mengi, ubaridi, mvua, abiria wanaokimbia bila kulipa, lakini hakuwahi kujiona yeye mwenyewe ndiye mvua.

"Nitasimama mi," Jado alisema hatimaye. "Jina yenye ilitajwa ni yangu. Mwanaume akisimama, batu inasahau. We wakikusimamisha, watakuimba mpaka ku barrière ya mpaka."

"Na jile?"

Bila ile jile, kizibao cha ushirika chenye namba mgongoni, pikipiki ya Jado ingekuwa kiti tu, kiti ambacho bado hakijamalizwa kulipiwa.

* * *

Tangu Liliane avunjwe mkono, Kampire ndiye aliyekuwa akimfulia. Alasiri ile alikwenda kama kawaida, akakuta beseni limeshajazwa maji na Liliane amekaa pembeni, mkono wake wa kushoto umefungwa plasta iliyoanza kuwa na rangi ya udongo. Kampire akaanza kufua. Alifua shati zima, macho yake kwenye povu tu, mpaka Liliane akaanzisha mazungumzo.

"Unajua yule alinisukuma? Wanasema alianza na kaske. Anaondoa mu moto, anampelekea Mugabo, Mugabo anauza. Akaona ni rahisi. Njo akafika ku mukoba, njo akafika ku mukono yangu."

"Mi nilinunua moja," Kampire alisema.

Liliane hakuelewa. Kampire akarudia, safari hii akiwa ameacha kufua. Liliane alinyanyuka, akauchukua ukingo wa lile shati kwa mkono wake mzima, akaanza kulivuta kutoka mikononi mwa mwenzake. Kampire akaliachia. Maji ya sabuni yakawamwagikia miguuni.

"Unanifulia juu ya nini? Juu uko na huruma, ama juu unajua?"

"Wakati naanza nilikuwa na huruma. Kujua, nimejua leo."

Liliane alijaribu kulikamua shati kwa mkono mmoja, akashindwa, akalitupa kwenye kamba likining'inia na maji yake. "Kesho nataka kukuona umesimama. We. Hapana Jado, Jado hakununua kitu."

"Nitasimama. Na we utanipigia makofi?"

"Ninapiga na nini? Mukono iko moja."

Kampire alirudi nyumbani na vidole vilivyokunjamana kwa maji, akiwa na aibu. Lakini chini ya aibu ile kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikimwasha. Evode alijuaje kuinua sponji? Hakupapasa wala hakutafuta. Ufunguo ulikwenda mahali pake moja kwa moja, kama mkono wa mtu anayewasha taa nyumbani kwake.

* * *

Umuganda wa Jumamosi hiyo ulikuwa wa kuzibua mfereji unaoshuka kwenda ziwani. Watu walichimba, wakasukumana kwa utani, wakalalamikia harufu, na kazi ilipoisha wakaketi kwenye majani ya kiwanja, majembe yamelazwa kando. Pikipiki za motari zilikuwa zimepangwa mstari mmoja kando ya barabara, kila moja na kaske ya abiria usukanini, zikingoja ruhusa ya kurudi kazini.

Mkuu wa mtaa alikuwa Pulchérie, mwalimu mstaafu aliyekulia Tanzania. Mkutano aliuendesha kwa Kinyarwanda, kama inavyotakiwa. Lakini mtaa huu ni wa mpakani, na hapa watu hata wakisali Kinyarwanda, ugomvi huwa ni kwa Kiswahili. Kwa hiyo Evode aliposimama na kulitaja jina la Jado, mkutano mzima ulishabadilisha lugha kabla hajaketi.

"Jado? Yule wa korali ya kanisa?"

"Ayi wee!"

"Simama tukuone!"

Simu zikatoka mifukoni. Jado alianza kunyanyuka, goti moja limeshaacha majani, ndipo mkono wa mkewe ulipomkandamiza begani, akarudi chini. Kampire ndiye aliyesimama. Kaske hakuinyanyua juu kwa mikono miwili. Aliivaa. Akafunga na kamba chini ya kidevu, juu ya kilemba chake cha kitenge, akatembea hadi mbele, akasimama na kichwa chake kikubwa chekundu katikati ya Pulchérie na Evode.

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika, nadhani, hadi ng'ambo. Watoto waligaragara. Hata wazee wa kanisa waliziba midomo kwa kofia zao. Kampire aliwaacha wacheke. Jasho lilimtiririka ndani ya sponji, naye akasimama vilevile, mikono kiunoni, mpaka walipochoka wenyewe.

"Mumemaliza?" aliuliza. "Bon. Pigeni picha vizuri, jua iko upande huu. Njo mi nilinunua. Jado hakujua, nilimudanganya ni ya binamu. Nilinunua kwa Mugabo na sikuuliza, juu nilijua nikiuliza atanijibu."

Akamtafuta Byiringiro kwa macho, kijana mwembamba aliyekaa na motari wenzake. "Byiringiro, hii ni kaske yako. Amande yenye ulilipa, nitakulipa mi, na nyanya yangu. Unisamehe ama usinisamehe, nitalipa tu."

Byiringiro alikuwa amekodoa macho. "Nilivaa hiyo," alisema. "Siku naenda polisi. Nilivaa hiyo!" Wenzake wakaangua kicheko kipya, lakini yeye hakucheka, na Kampire naye hakucheka.

"Imetosha," Evode alisema. "Mwanamuke amekubali. Jado, leta jile."

"Haijatosha," Kampire alisema. "We chef ulisema tunaonyesha wenye wananunua. Na mi nimejionyesha. Sasa nauliza. Motari wote hapa, mwenye hajawahi kuibiwa kaske, anyooshe mukono."

Hakuna aliyenyoosha. Mmoja alijikuna sikio, akaushusha mkono haraka usije ukaeleweka vibaya.

"Wote muliibiwa. Na wote nawaona muko na kaske. Ni nani alinunua mupya ku duka?" Mkono mmoja ulipanda, wa mzee Niyonzima, ambaye kila mtu alijua kwamba hata akinunua kiberiti huomba risiti. "Mumoja. Donc, zile zingine zilitoka wapi? Zilizaliwa? Ya Jado iliibiwa, nikanunua ya Byiringiro. Byiringiro, we yenye uko nayo sasa ni ya nani?"

Byiringiro aliinamisha kichwa.

"Tunajiibia sisi kwa sisi, Mugabo anabeba tu gunia! Halafu siku ya kusimama, anasimama Kabatesi na sufuria, anasimama Jado. Nilimupigia Kabatesi makofi, nilifanya mubaya, na ninamuomba pardon hapa mbele yenu. Kama ni kuonekana, tuonekane wote. Moto ziko pale. Geuzeni kaske!"

"Hiyo haiko mu ordre du jour, mu ajenda ya leo," Evode alisema haraka. "Mama Pulchérie, huyu mwanamuke anavuruga mukutano."

Pulchérie alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake. Hakuwa mtu wa papara. "Bwana Evode," alisema kwa Kiswahili chake cha shule, "shauri la kuwaonyesha wanunuzi lilikuwa lako, nami nililiunga mkono. Sikusikia ukisema tuwaonyeshe wanunuzi wa upande mmoja. Motari, geuzeni."

Kisha mzee Niyonzima, mwenye risiti, akaenda kwa maringo yake, akaigeuza ya kwake na kuiinua juu. Mwingine akafuata kwa aibu, akainua sponji kwa ufunguo, akapiga yowe. "Hii ni ya Rwema! Mana yanjye, imeandikwa Rwema!" Rwema akaruka. "Leta hapa, mwizi!" "Mwizi ni we, geuza ya kwako kwanza!" Basi mstari wote ukavurugika. Walikwangua, wakasoma, wakaitana kwa majina, wakatukanana, wakakumbatiana, na wanawake wakaacha majembe wakasogea kuona waume zao wamevaa vichwa vya nani. Ile aliyokuwa nayo Byiringiro ilikuwa ya shemeji yake mwenyewe.

Pikipiki moja ilikuwa bado haijaguswa. Ilikuwa ya Evode, na kaske yake ilikuwa nzuri, nyeusi, inayong'aa.

"Chef," Liliane aliita kutoka kwenye majani, mkono wake wa plasta umelala mapajani. Sauti haikuwa kubwa, lakini watu waligeuka. "Na ya kwako?"

"Yangu haina shida."

"Kama haina shida, igeuze."

Evode alitazama saa yake. Alisema alikuwa na kikao cha ushirika, tena alikuwa amechelewa. Akapita katikati ya watu, akaitoa kaske usukanini, akaifumbata tumboni kwa mkono mmoja kama mwanamke anayemkinga mtoto na baridi, akawasha na kuondoka hivyo hivyo, akiendesha kwa mkono mmoja, mpaka alipokata kona. Hakuna aliyemzomea. Walimtazama tu, wote, na nafikiri zomeo lingekuwa afadhali kwake.

Suala la jile halikuzungumzwa tena. Pulchérie alisema tu kwamba akianza kuwavua motari jile leo, Jumatatu mji utatembea kwa miguu.

* * *

Wizi haukuisha, nani atawadanganya. Mikoba bado ilipokonywa huku na huko. Lakini Mugabo alipopita na gunia lake nyuma ya soko, wauza mboga walianza kumwitikia kwa sauti moja, "Geuza kaske!", na watu wakageuka kutazama anayesimama karibu naye. Hakuna aliyetaka kuwa mtu huyo. Siku moja alikuja bila gunia, siku nyingine hakuja.

Kaske ya Jado haikuonekana katika zile zote zilizogeuzwa. Kampire alimlipa Byiringiro kwanza, kidogo kidogo, akivuka mpaka na beseni hata siku za mvua, akirudi na shingo imekufa ganzi. Ada ya Belise ilichelewa tena, na Belise akaandika ujumbe wa kulalamika ambao mama yake aliusoma mara mbili na kuumeza. Miezi hiyo Jado alibeba mizigo badala ya watu, magunia ya viazi na makreti ya bia, kwa sababu gunia halihitaji kaske.

Na jina, bila shaka, lilimganda. Ile picha ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu mpaka Goma. Wakaguzi wa barrière walimwita Mama Kaske. Wauza makaa walimwita Mama Kaske. Mwanzoni kila alipolisikia alihisi ile kamba inambana chini ya kidevu. Jado alimwambia ajifanye hasikii. Lakini Kampire hakuwa ameumbwa kwa kutosikia.

Siku waliponunua kaske mpya, dukani, na risiti ambayo mzee Niyonzima aliikagua mwenyewe, Kampire aliichukua kabla Jado hajaining'iniza, akaipeleka kwa mchora mabango wa pale sokoni. Ilirudi imeandikwa nje, mbele, kwa herufi nyeupe zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara: MAMA KASKE.

"Kichwa yako iko muzuri?" Jado aliuliza.

"Wanataka kuniimba. Bon. Wataniimba juu ya vichwa vyao."

Liliane, aliyekuja na nguo zake mwenyewe, za kwanza kufuliwa na Kampire tangu siku ya shati, alicheka mpaka akashika ubavu. Plasta ilikuwa imetoka, lakini mkono haukunyooka wote, wala hautanyooka. Aliweka beseni chini. Hakusema amesamehe, na Kampire hakuuliza. Wakafua pamoja.

Asubuhi moja ya mvua, Kampire alikuwa kando ya maegesho na nyanya zake, chini ya mwavuli, Evode alipokuja akikimbia, amevaa suti. Pikipiki yake ilikuwa gereji, na viongozi wa ushirika walikuwa wakimsubiri mjini. Motari wote walikuwa wameshachukuliwa na abiria waliokimbia mvua. Alikuwa amebaki Jado peke yake.

Jado alifuta kiti kwa kitambaa chake, akamnyooshea kaske. Evode aliipokea, akayaona yale maandishi, akatazama juu ya barabara, akatazama chini ya barabara, akaitazama mvua. Bila kujua, vidole vyake viliigeuza, vikaenda kwenye sponji.

"Vaa tu, chef," Kampire alisema kutoka chini ya mwavuli. "Hiyo tunajua ilitoka wapi."